Mtoto Ukingoni mwa Barabara

Kila siku ya shule, kabla jua halijapanda vema juu ya minazi na mapaa ya mabati, huonekana katika miji yetu yote, tangu Tanga hata Mtwara na tangu Mombasa hata Kisumu, jambo ambalo kwa kulizoea tumeacha kulitazama: kundi la watoto wadogo, mikoba mgongoni, wamesimama ukingoni mwa barabara wakingoja nafasi ya kuvuka, ilhali magari yanapita mbele yao kwa kasi isiyojali kimo chao wala umri wao. Nimekuwa mwalimu sehemu kubwa ya maisha yangu, na shule niliyoifundisha kwa miaka mingi zaidi ilitengwa na makazi ya wanafunzi wake na barabara moja ya lami, yenye upana wa hatua kumi tu za mtu mzima. Na hatua hizo kumi zilinisumbua moyo kuliko maili zote ambazo baadhi ya watoto wale walitembea kwa miguu kuja kusoma.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni nilikuwa nimesimama penye kivuko cha milia, ambacho watoto hukiita zebra, nikiwapokea. Daladala moja ikasimama, na dereva wake, ambaye namshukuru hadi leo ingawa sikupata kulijua jina lake, akatoa mkono dirishani akawaashiria watoto wapite. Wakaingia barabarani saba kwa mstari, wa mwisho akiwa msichana wa darasa la pili. Mara pikipiki ya bodaboda iliyokuwa nyuma ya daladala ile, ambayo mwendeshaji wake hakuona mbele yake ila bodi ya gari lililosimama, ikachomoka ubavuni, ikapita baina ya mtoto wa sita na yule wa saba, mpini wake ukanasa ukanda wa mkoba wa msichana, ukanda ukakatika, na madaftari yakamwagika juu ya milia. Mtoto hakuumia. Alichuchumaa palepale katikati ya barabara akaanza kuyaokota madaftari yake moja baada ya jingine, akiyapangusa vumbi kwa upindo wa sketi yake ya buluu, kwa sababu alichokihofia saa ile hakikuwa pikipiki, bali swali la mwalimu wake kwamba daftari limechafukaje. Na mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Watu waliokuwapo walitikisa vichwa wakasema lile neno ambalo husemwa daima, kwamba ajali haina kinga. Neno ajali tumelipata kwa Waarabu, na asili yake kwao ni muda uliokadiriwa, kikomo cha uhai ambacho mja hawezi kukisogeza mbele wala nyuma. Sina ugomvi na itikadi hiyo, maana nami naishika. Lakini jambo linalotukia mahali palepale, saa ileile, kwa sababu ileile, na ambalo mtu yeyote akisimama hapo juma moja aweza kulitabiri, halistahili jina hilo. Ni taksiri yetu sisi watu wazima tuliyoivika nguo ya kadari. Wazee waliotuachia methali hiyo ndio hao hao waliotuachia na nyingine, tahadhari kabla ya hatari, nayo hatuitaji mbele ya jeneza. Shirika la Afya Duniani limebainisha kwamba hakuna maradhi wala balaa liualo watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni kuliko majeraha ya barabarani. Ugonjwa wenye kuua kiasi hicho tungeuwekea karantini na chanjo.

Basi ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi ni huu, nao hauna gharama: kesho asubuhi mwandame mwanao njia nzima, tangu mlangoni pako hadi lango la shule, saa ileile aendayo, na kila mahali anapovuka, piga magoti. Piga magoti kweli, hata kama umevaa nguo za kazini, uyaweke macho yako sawa na macho yake. Mtoto wa miaka saba ana kimo cha sentimeta 120 hivi, au pungufu. Gari lililoegeshwa ukingoni, ambalo wewe huona juu ya paa lake bila shida, kwake ni ukuta. Meza ya muuza matunda, rundo la kokoto, kichaka cha mchongoma kisichokatwa, tangi la maji lililotelekezwa, vyote hivyo vinamficha yeye kwa dereva na dereva kwake. Mzazi aliyepata kupiga magoti mara moja penye kivuko cha mwanawe hatamwambia tena kwa wepesi, "Angalia magari," kwa kuwa atakuwa amejua kwamba mara nyingi mtoto aliangalia, na hakuona kitu.

Na si kimo peke yake. Mtoto wa madarasa ya awali hawezi kukadiria sawasawa kasi ya gari linalomjia. Huliona kuwa dogo na hudhani kwamba liko mbali na litadumu mbali. Sauti huisikia, lakini aghalabu hukosea upande itokako. Fikira zake huchukua jambo moja kwa wakati mmoja, hata akimwona rafiki yake ng'ambo, barabara nzima hutoweka machoni pake kana kwamba haikuwapo. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Stina Sandels, ambaye alichunguza mwenendo wa watoto barabarani kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1968, alifikia hukumu ambayo ingefaa iandikwe katika kila ofisi ya wahandisi wa barabara: kwamba haiwezekani kumfinyanga mtoto mdogo hata akafaa kwa msafara wa magari, na kwa hiyo msafara ndio upasao kufinyangwa hata ukafaa kwa mtoto. Nimefundisha nyimbo za usalama barabarani kwa miaka, na watoto waliziimba kwa ufasaha. Na wale wale walioimba vizuri kuliko wote niliwaona, kengele ya kutoka ilipolia, wakikimbia barabarani bila kugeuza shingo. Sisemi tuache kufundisha. Nasema tusilitwike fundisho mzigo ambao si wake.

Mzigo huo ni wa mwendo wa magari, na hapa naomba subira ya msomaji kwa hesabu kidogo, kwani hesabu hii ndiyo hoja yangu yote. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Dereva aonapo mtoto mbele yake, sekunde moja au zaidi hupotea kabla mguu wake haujafika kwenye breki, na baada ya hapo gari huhitaji nafasi ya kusimama. Kwa jumla, lami ikiwa kavu, matairi mazima na dereva mwangalifu, gari la kilomita 30 kwa saa husimama katika mita 13 hivi, la kilomita 50 katika mita 28 hivi, na la kilomita 80 karibu mita 60. Maana yake ni kwamba mtoto akitokeza mita 15 mbele ya magari mawili, lile la kilomita 30 litakuwa limesimama pasipo kumgusa, ilhali lile la kilomita 50 litamfikia likiwa ndiyo kwanza breki zake zimeanza kushika, mwendo wake haujapungua kitu cha kutajika. Shirika la Afya Duniani lasema pia kwamba mtu aendaye kwa miguu akigongwa na gari la mwendo wa kilomita 30 au chini yake ana matumaini ya kupona 9 katika 10, na mwendo ukifika kilomita 45 au kupita, matumaini hayo hushuka chini ya nusu. Hiyo ndiyo sababu mataifa yaliyokutana Stockholm mwezi wa Februari mwaka 2020 yalitoa azimio kwamba mahali watu wa miguu na magari wanapochangamana, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Sheria yetu ya Tanzania huweka kilomita 50 kwa makazi ya watu. Mbele ya lango la shule hamsini ni nyingi mno, na hata hiyo hamsini haifuatwi.

Mtu aweza kuuliza, "Sisi raia tutaujuaje mwendo wa magari, nasi hatuna ile tochi ya trafiki?" Utaujua kwa kamba na saa. Pima mita 50 kandokando ya barabara kabla ya kivuko, weka alama ya chokaa mwanzo na mwisho, kisha simama mahali usipoonekana sana na dereva, na kwa saa ya simu yako pima sekunde ambazo kila gari hutumia tangu alama hadi alama. Likitumia sekunde 6, mwendo wake ni kilomita 30 kwa saa. Likitumia sekunde 3 na nukta 6, ni kilomita 50. Likitumia sekunde 2 na robo, ni kilomita 80, na gari hilo limepita mbele ya shule. Tulifanya hivyo na wanafunzi wa darasa la saba kama zoezi la hesabu, wakiwa ndani ya uzio, mmoja akipiga mbiu, mmoja akipima, mmoja akiandika. Magari 100 tuliyapima kwa asubuhi mbili, na karatasi ile ya namba ilikuwa na nguvu katika ofisi tulizoipeleka kuliko malalamiko yote ya miaka iliyotangulia. Watu hubishana na kilio, lakini hawapendi kubishana na jedwali.

Nirudi kwa mzazi na mtoto wake, maana hata barabara ikirekebishwa, yako mambo ya kufunzwa nyumbani, nayo hufunzwa kwa kutembea, hayafunzwi kwa kuhubiri. Chagueni pamoja njia moja, si fupi kuliko zote bali yenye vivuko vichache kuliko zote, na mtoto aizoee hiyo hiyo. Mkivuka, mshike mwanao kifundo cha mkono wala si vidole, kwa kuwa vidole huchopoka. Msimame pamoja kabla ya ukingo, mwache yeye atazame na akwambie anachokiona, kwa sauti, mpaka siku atakapokuwa anauzuia mguu wako mwenyewe kwa kusema, "Baba, ngoja, kuna bajaji inakuja." Tanzania, Kenya na Uganda magari hushika kushoto, kwa hivyo gari la kwanza kukufikia hutoka mkono wa kulia, kwa hiyo mtoto hutazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, naye huvuka kwa kutembea, si kwa kukimbia, kwani akimbiaye hujikwaa. Lugha yetu imetusaidia hapa bila ya kukusudia: mtoto asiyejua bado kulia na kushoto aulizwe mkono anaolia chakula, na hapo hapo atakuwa amejua ageukie wapi kwanza. Lakini ndugu zetu wa Goma, Bukavu, Bujumbura na Kigali, na wale walio Maskati, wao hushika kulia, kwa hiyo fundisho ligeuzwe, shingo ianze kushoto. Na familia inayohama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kama wafanyavyo wengi mpakani Rusumo, ambako barabara hubadili mkono kwa kuvuka daraja tu, imrudishie mtoto fundisho hili upya kama asiyepata kufunzwa.

Ushukaji wa daladala wataka neno la peke yake. Mlango wa daladala uko ubavu wa kushoto, na mtoto ambaye kwao ni ng'ambo ya pili, akishuka tu hupita mbele ya pua ya gari alilotoka, akatokeza katikati ya njia mahali ambapo anayeipita daladala hiyo hawezi kumwona hata awe na macho ya tai. Mfundishe mwanao kushuka, kurudi nyuma hatua tano mbali na ukingo, na kusimama hapo mpaka daladala iondoke na barabara yote ionekane pande mbili. Atachelewa nyumbani kwa dakika moja. Wewe nawe usimgombeze kwa kuchelewa.

Tena tuseme kweli juu ya sababu inayowafanya watoto wakimbie barabarani asubuhi. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na makonda wengi, wakihesabu mapato ya siku, huwaacha wanafunzi kituoni au huwachukua wawili tu wa mwisho. Basi mtoto aliyeachwa na magari matatu, naye anajua kwamba kuchelewa kuna adhabu, akiona la nne limesimama ng'ambo hulikimbilia bila ya kutazama. Adhabu ya kuchelewa niliifuta katika darasa langu baada ya siku ile ya madaftari, na sikuona kwamba nidhamu iliharibika. Nawasihi walimu wenzangu walitazame jambo hili, kwa sababu mtoto mwenye hofu ya lango kufungwa huvuka kama mtu anayefukuzwa.

Iko na sababu nyingine, ndogo kwa kuisema, kubwa kwa kuiona: mihogo ya kukaanga. Mbele ya shule nyingi, akina mama wauza mihogo, ubuyu, kashata na barafu hukaa ng'ambo ya barabara, penye kivuli cha mwembe, na saa ya mapumziko watoto huvuka kuwafuata na kurudi, wengine mara mbili, sarafu mkononi na macho kwenye sinia. Hakuna mhandisi anayehitajika hapo. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wawaite akina mama wale kwa heshima, wawape nafasi upande wa shule, ndani ya uzio ikiwezekana, na wawajengee kibanda cha makuti cha kuwakinga jua. Sisi tulifanya hivyo, na idadi ya watoto waliovuka barabara saa nne asubuhi ikaanguka siku ile ile, na mama mmoja akatuambia kwamba mauzo yake yameongezeka.

Kivuko cha milia chenyewe tusikidhanie kuwa ni hirizi. Waingereza walikiingiza katika sheria yao mwaka 1951, na dunia nzima ikakiiga, lakini rangi nyeupe juu ya lami haina uwezo wa kusimamisha chuma. Inayosimamisha ni desturi ya madereva na umbo la barabara. Penye barabara pana yenye njia mbili kila upande, kivuko kisicho na tuta chaweza hata kuwa mtego, kwa kuwa gari moja husimama kwa hisani na la pili hupita kando yake, kama ilivyokuwa kwa bodaboda ile. Mtoto afunzwe kwamba akisimamishiwa na gari la kwanza, aende mpaka mwisho wa gari hilo, asimame, achungulie, ndipo aendelee. Dereva naye ajue kwamba gari lililosimama kabla ya milia halikuharibika. Kuna mtu anavuka, na aghalabu mtu huyo ni mfupi.

Kinachofaa kuliko rangi ni kuilazimisha barabara yenyewe ipunguze mwendo, nasi hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano, kwa maana mfano uko Dar es Salaam. Shirika liitwalo Amend lilizichukua shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa mara nyingi, likachunguza njia za watoto kwenda shuleni, kisha likafanya kazi ndogo ndogo ambazo hazina fahari yoyote machoni: tuta hapa, kivuko pale, kijia cha miguu kilichotengwa na magari kwa nguzo, alama za kuonya madereva, na penye haja, lango la shule likahamishwa kutoka barabara kubwa hadi uchochoro wa nyuma. Pamoja na hayo watoto walifundishwa. Uchunguzi uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na zile zisizofanyiwa ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross, ikiwa ndiyo ya kwanza kuipata. Nalipenda zaidi jambo la lango. Fikiri, msomaji, ni shule ngapi unazozijua ambazo lango lake limetazama barabara kuu kwa sababu tu mjenzi wa zamani aliona linapendeza hapo, wakati ambapo magari yaliyopita yalihesabika kwa vidole, na ukuta wa nyuma unapakana na njia ya vumbi ambapo hata baiskeli ni nadra? Fundi mmoja, milango miwili ya chuma, na siku nne za kazi.

Hadhari moja lazima niitoe. Aghalabu mtoto akigongwa, wananchi kwa ghadhabu hufunga barabara kwa magogo na kujichimbia matuta yao wenyewe usiku. Uchungu wao naujua na siulaumu. Lakini tuta lisilo na kipimo, lisilopakwa rangi wala kuwekewa kibao, humwangusha mwenye bodaboda gizani na abiria wake, na siku ya pili mwenye gari kubwa hupita kando yake, pale pale penye kijia cha watoto. Tuta lina umbo lake na mahali pake, hatua kadhaa kabla ya kivuko, au bora zaidi kivuko chenyewe kiinuliwe kiwe juu ya tuta pana, mtoto avuke akiwa ameinuliwa na dereva amelazimika kupunguza.

Kwa hiyo andikeni barua. Najua barua nyingi hulala makabatini. Barua yenye namba hulala kidogo. Kwanza jueni barabara ni ya nani, kwa kuwa barua iliyopelekwa ofisi isiyokuwa yake hujibiwa kwa kimya. Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, na zile za mijini na vijijini ni za TARURA, ambayo ilianzishwa mwaka 2017. Kenya, barabara kuu ni za KeNHA, za mijini KURA na za vijijini KeRRA, zote tatu zikitokana na sheria ya mwaka 2007, na nyingine ziko chini ya serikali za kaunti. Barua iandikwe na kamati ya shule, itiwe muhuri wa mwalimu mkuu, na nakala zake zipelekwe kwa diwani, mtendaji wa kata na mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Isizidi karatasi moja. Itaje barabara na mahali kwa alama ambayo mgeni aweza kuipata. Idadi ya watoto waliovuka saa moja ya asubuhi, mliowahesabu wenyewe. Mwendo wa magari mlioupima. Na ombi moja lililo wazi, si kumi. Iambatane na picha iliyopigwa kutoka kimo cha mtoto. Kisha achaguliwe mtu mmoja, mwenye haya kidogo na subira nyingi, aende ofisini kila mwezi kuiulizia. Kwetu sisi alikuwa bibi mmoja mstaafu wa posta, mwenye wajukuu watatu shuleni, ambaye alizoeleka ofisini hata makarani wakamtengea kiti.

Wakati barua inasafiri, watoto wanavuka, nao lazima wavushwe. Shule nyingi huwapa wanafunzi wakubwa vibao vya kusimamisha magari, na ushujaa wa vijana hao nausifu, lakini siafiki. Mtoto wa miaka kumi na mitatu asiamrishwe kusimama mbele ya lori ili kumkinga mtoto wa miaka saba. Waingereza walipotunga sheria yao ya wavusha watoto mwaka 1953, kazi hiyo waliikabidhi kwa watu wazima, nasi hatuna uhaba wa watu wazima: mzazi mmoja kwa siku moja ya juma, watano watosha juma zima, kwa muda wa saa moja asubuhi na wa saa moja jioni. Avae kizibao cha reflekta, ashike kibao cha kusimamisha, na atende hivi: awakusanye watoto ukingoni kwanza, kundi moja, nyuma yake, angoje nafasi ya haki, asijitupe mbele ya gari lililokwisha karibia, aingie yeye peke yake hadi katikati, anyooshe mikono pande zote mbili, angoje mpaka magurudumu yote yaliyo karibu yamesimama kabisa, asitosheke na dereva kupunguza mwendo, ndipo awaite watoto, naye awe wa mwisho kutoka. Penye njia mbili upande mmoja, asimame penye mstari unaozitenga, ili asiweze yeyote kupenya kando ya aliyesimama. Na jeshi la polisi liarifiwe, kwani mara nyingi hutoa fundisho la siku moja kwa wavushaji wa namna hii, na askari mmoja akionekana hapo hata mara moja kwa juma, madereva hukumbuka siku zote tano.

Kwa wale ambao husoma kwa zamu, wanaotoka nyumbani kungali giza au kurudi magharibi, shati jeupe ndilo rafiki, na sweta la buluu iliyokoza ni adui. Kipande cha utepe wa kumeremeta, kilichoshonwa nyuma ya mkoba na mbele ya mikanda yake, humwonyesha mtoto kwa dereva mapema mno kuliko nguo tupu. Fundi cherehani yeyote hukishona kwa dakika tano. Na mzazi ambaye humleta mwanawe kwa gari asishushe upande wa barabara, wala asiegeshe juu ya milia ati kwa dakika moja tu, kwa sababu dakika hiyo gari lake ndilo ukuta uwafichao watoto wa wenzake. Na anayemtuma mwanawe kwa bodaboda asikubali wapakiwe watatu, hata wakiwa ndugu, hata mwendeshaji akiwa jirani.

Barabara yetu ilipata tuta na kivuko kilichoinuliwa baada ya miezi kumi na minne. Siku mafundi walipomaliza, bibi wa posta alikuja na mkeka, akakaa chini ya mwembe ulioachwa na wauza mihogo, akayatazama magari yakipunguza mwendo moja moja hadi adhana ya magharibi. Lakini rangi ya milia haikumaliza masika mawili. Kwa hiyo, yeyote atakayejaliwa kupata kivuko, aandike katika daftari la kamati kwamba rangi ipakwe upya kila Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na ikauke vema kabla ya shule kufunguliwa Januari, ambapo hufika darasa la kwanza watoto ambao hawajapata kuvuka barabara hiyo hata mara moja.